Kirusi, Kuku na Nyuzi Tano za Joto: Jinsi Seli ya Saratani Ilivyorudishwa Nyuma

Kirusi kinapoingia ndani ya seli yenye afya na kuifanya ya saratani, kazi yake huishia hapo, au hulazimika kuifanya kila saa? Swali hili ndilo linaloamua kama tiba inawezekana. Kama kirusi huharibu mara moja kisha hakihitajiki tena, kukizuia baadaye hakutasaidia kitu, maana seli imekwisha kuharibika. Lakini kama ni lazima kiendelee kufanya kazi ili seli ibaki ya saratani, basi ukikisimamisha, seli huenda ikarudi katika hali yake ya awali. Jibu la kwanza lililo wazi lilipatikana kati ya mwaka 1969 na 1971, tena bila dawa yoyote na bila mashine ya gharama. Lilitokana na tofauti ya nyuzi tano au sita za joto.

Nitalieleza jaribio hilo hatua kwa hatua. Kwanza, ni miongoni mwa majaribio safi kabisa katika historia ya utafiti wa saratani. Pili, somo lake linahusu dawa zinazotumika leo, na hata chanjo wanayopewa wasichana wetu shuleni.

Uvimbe wa kuku

Habari hii inaanzia katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York, ambako mfugaji mmoja alipeleka kuku mwenye uvimbe kifuani. Mtafiti kijana, Peyton Rous, alihamisha vipande vya uvimbe ule kwa kuku wengine, nao wakaota uvimbe. Kisha akausaga uvimbe, akapitisha maji yake kwenye chujio lenye vitundu vidogo mno visivyopitisha seli wala bakteria. Maji yale yaliyochujwa nayo yakasababisha uvimbe. Mwaka 1911 akatangaza matokeo hayo. Maana yake ilikuwa kwamba kitu kidogo kuliko bakteria kinaweza kuleta saratani. Kwa miaka mingi wanasayansi wengi hawakulipa uzito jambo hilo. Rous alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 87.

Kirusi chake, kinachoitwa kirusi cha Rous, kilipata uhai mpya katika utafiti mwaka 1958, pale Howard Temin na Harry Rubin, wakiwa Taasisi ya Teknolojia ya California, walipobuni njia ya kukipima kwenye kisahani cha maabara badala ya kwenye kuku mzima. Huchukuliwa yai lililoatamiwa kwa siku kumi hivi. Kiinitete hukatwakatwa na kutiwa kimeng'enya kinachozitenganisha seli. Seli za tishu unganishi humwagwa kisahanini pamoja na maji ya chakula yaliyotiwa rangi nyekundu inayobadilika asidi inapoongezeka. Kisha kisahani huwekwa ndani ya kabati la joto.

Ukiziangalia seli hizo kwa hadubini kabla hazijaambukizwa, utaona zimelala bapa, ndefu, zimejipanga sambamba kufuata mkondo mmoja. Zikishajaa kisahanini, hupunguza kugawanyika. Zikiambukizwa na kirusi cha Rous, sura yote hubadilika ndani ya siku chache. Seli hujikunja na kuwa za mviringo, hung'aa pembezoni, hupandana na kufanya vichuguu vidogo vinavyoweza kuhesabika kimoja kimoja. Hushika kisahani kwa ulegevu. Huweza hata kukua zikielea ndani ya uji mzito wa aga, jambo ambalo seli ya kawaida ya aina hiyo haiwezi. Hufyonza sukari kwa pupa na kutoa asidi nyingi, kiasi kwamba maji mekundu hugeuka manjano haraka kuliko katika kisahani cha jirani chenye seli nzima. Seli za namna hii ndizo zinazoitwa seli zilizogeuzwa.

Kwa nini joto?

Njia ya moja kwa moja ya kujua kama kirusi kinaendelea kuhitajika ingekuwa kukiondoa ndani ya seli. Lakini kirusi cha Rous hakitoki. Mwaka 1970 Temin, na David Baltimore kwa upande wake, walionyesha kwamba virusi vya kundi hili vina kimeng'enya kinachonakili jeni za RNA kuwa DNA. Nakala hiyo hujishona ndani ya DNA ya seli na kurithiwa kila seli inapogawanyika. Hakukuwa na mkono wa kuifumua. Kilichohitajika, basi, ni njia ya kukiacha kirusi mahali pake huku kazi yake moja ikizimwa na kuwashwa kwa hiari ya mtafiti.

Hapo ndipo joto linapoingia. Kazi za seli na za virusi hufanywa na protini, na protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino uliokunjwa kwa umbo maalumu. Umbo likivurugika, kazi hukoma. Kila mpishi ameliona jambo hili: ute wa yai ukipata moto huacha kuwa majimaji, ukaganda na kuwa mweupe, kwa sababu protini zake zimekunjuka na kung'ang'aniana. Protini nyingi za mwili ni imara kiasi cha kuhimili joto la kawaida la mnyama na zaidi kidogo. Lakini jeni ikibadilika, pingili moja tu ya mnyororo huweza kuwekwa isiyofaa, na protini ikatokea kuwa dhaifu: inashika umbo lake katika joto la chini, inalegea nyuzi chache juu ya hapo. Watafiti wa virusi vinavyoshambulia bakteria walikuwa wameshaitumia mbinu hii miaka ya 1960 kuchunguza jeni ambazo kiumbe hakiwezi kuishi bila hizo.

Kuku alifaa mno kwa kazi hii. Joto la mwili wake ni takriban nyuzi 41 hadi 42 za Selsiasi. Kwa seli ya kuku, basi, nyuzi 41 si homa. Ni nyumbani kwake. Na inaweza pia kuishi na kukua kwenye nyuzi 35 au 36. Watafiti walipata uwanja mpana wa nyuzi tano au sita ambao seli yenyewe haidhuriki, lakini protini dhaifu inaweza kuanguka.

Jaribio lenyewe

Virusi vya Rous vilitiwa kemikali zinazobadili jeni, kisha vikachambuliwa kimoja kimoja kutafuta vile vinavyogeuza seli kwenye joto la chini na kushindwa kwenye joto la juu. Kumao Toyoshima na Peter Vogt walieleza virusi vya aina hiyo mwaka 1969. Mwaka 1970 Steven Martin, akifanya kazi katika maabara ya Rubin huko Berkeley, alitangaza kirusi kilicholijibu swali letu waziwazi. Mwaka uliofuata Sadaaki Kawai na Hidesaburo Hanafusa, wakiwa New York, walitoa kingine walichokiita NY68, ambacho kilikuja kutumiwa katika maabara nyingi.

Seli zilizoambukizwa na kirusi hicho dhaifu na kuwekwa kwenye nyuzi 36 ziligeuka kama kawaida: mviringo, zinazong'aa, zinazopandana. Kisahani kikahamishiwa kwenye nyuzi 41. Ndani ya saa chache seli zilianza kulala. Kufikia kesho yake zilikuwa bapa, zimejinyoosha na kujipanga, huwezi kuzitofautisha na seli ambazo hazijawahi kuambukizwa. Kisahani kikarudishwa kwenye nyuzi 36, na seli zilezile zikageuka tena.

Msomaji makini atauliza: je, si joto lenyewe lililozitibu seli? Ndiyo maana kulikuwa na visahani vya kulinganishia. Seli zisizoambukizwa zilibaki za kawaida katika joto zote mbili. Seli zilizoambukizwa na kirusi cha asili, kisichotiwa kemikali, zilibaki zimegeuka katika joto zote mbili. Nyuzi 41 hazikuzisaidia hata chembe. Joto, basi, halikuponya saratani. Joto lilizima protini moja iliyokuwa imedhoofishwa makusudi, na protini hiyo ilipozimika ndipo saratani ilipozimika.

Kuna jambo la pili la kuzingatia. Kwenye nyuzi 41 kirusi kile dhaifu kiliendelea kuzaliana vizuri ndani ya seli zilizoonekana nzima. Kumbe kuzaliana kwa kirusi na kugeuza seli ni kazi mbili tofauti, na ya pili inabebwa na jeni ambayo kirusi hakiihitaji ili kuishi. Jeni hiyo ilipewa jina la src, kutokana na sarkoma, aina ya uvimbe ambao kirusi hiki huleta.

Ni haki kusema kwamba jibu halikuwa moja kwa virusi vyote. Mwaka 1965 Mike Fried alikuwa amechunguza kirusi kingine, polioma cha panya, chenye udhaifu wa joto. Yeye aliona kwamba seli zikishageuzwa kwenye joto la chini hazirudi nyuma zikipashwa. Kwa muda ilionekana kama ushahidi kwamba kirusi hupiga mara moja tu. Baadaye ilieleweka kwamba udhaifu ulikuwa katika protini inayohitajika mwanzoni, ilhali protini nyingine ya kirusi hichohicho, isiyoguswa na udhaifu huo, iliendelea na kazi ya kugeuza. Tunajifunza hapa kwamba swali zuri halitoshi; ni lazima pia ujue ni protini ipi hasa uliyoizima.

Mambo yanayofuatana

Kwa kuwa joto hubadilishwa kwa dakika chache, watafiti walipata fursa adimu ya kuona saratani ikianza kwa mpangilio, jambo lisilowezekana kwa mgonjwa. Kisahani kikishushwa kutoka nyuzi 41 hadi 36, mapema kabisa utando wa seli huanza kukunjamana juu kama kitambaa kilichovutwa. Ufyonzaji wa sukari hupanda. Nyuzinyuzi za aktini, zinazoipa seli umbo lake bapa, hulegea na kutawanyika. Protini ya fibronektini, inayosaidia seli kushika mahali, hupungua juu ya uso wake. Mwisho seli hujikunja na kuanza kupandana. Mwaka 1971 Martin, Rubin na wenzao walionyesha kwamba hata kasi ya kuingiza sukari hufuata joto: hupanda na kushuka pamoja na kazi ya src.

Jaribio la mwaka 1978 la Hartmut Beug, Thomas Graf na wenzao linastahili kutajwa peke yake. Walichukua seli zenye kirusi dhaifu, wakaziondolea kiini, yaani sehemu inayohifadhi DNA. Seli isiyo na kiini haiwezi kusoma jeni mpya wala kugawanyika, lakini huishi kwa muda. Joto lilipobadilishwa, mabaki hayo ya seli yalibadili umbo kama seli kamili. Hii ilionyesha kwamba src hubadili umbo la seli bila kupitia kwenye DNA. Inafanya kazi kule pembezoni, na baadaye ilithibitika kwamba protini yake hukaa upande wa ndani wa utando wa seli, ikiwemo mahali seli inaposhikia sakafu.

Protini iliyokuwa nyuma ya yote

Kwa miaka kadhaa src ilijulikana kwa matendo yake tu. Mwaka 1977 Joan Brugge na Raymond Erikson, huko Denver, waliikamata protini yenyewe. Mwaka 1978 ikaonekana ni kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini nyingine. Mwaka 1980 Tony Hunter na Bartholomew Sefton wakagundua kwamba hubandika fosfati kwenye asidi amino iitwayo tairosini, aina ya mbandiko ambao ni haba mno katika seli ya kawaida. Katika seli zilizogeuzwa na kirusi cha Rous mibandiko hiyo iliongezeka mara kadhaa, na katika seli zenye kirusi dhaifu ilishuka haraka joto lilipopandishwa. Joto likawa limeunganisha mnyororo mzima: jeni, kimeng'enya, fosfati, umbo na mwenendo wa seli.

Hata namna protini dhaifu inavyoanguka imefahamika kwa sehemu. Src inapotengenezwa hupokelewa na protini wasaidizi wanaoisaidia kujikunja na kuisindikiza hadi kwenye utando. Src ya kawaida ya kirusi huachiwa upesi. Src dhaifu, kwenye joto la juu, hung'ang'ania kwa wasaidizi hao muda mrefu zaidi.

Lakini jeni hii kirusi kiliitoa wapi? Mwaka 1976 Dominique Stehelin, Harold Varmus, Michael Bishop na Peter Vogt walionyesha kwamba DNA inayofanana na src imo ndani ya seli za kawaida za kuku na za ndege wengine wasio na kirusi. Virusi viliichukua kwa mwenyeji. Protini ya jeni ya asili ina mkia unaoiwezesha seli kuifunga kazi isipohitajika. Nakala ya kirusi imepoteza mkia huo, kwa hiyo haifungiki. Bishop na Varmus walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1989. Saratani haikuwa tena kitu kigeni kinachoingia kutoka nje. Ilikuwa kazi ya kawaida ya seli iliyonyimwa breki.

Seli haisahau kazi yake

Matumizi yaliyofuata yalifundisha jambo jingine lenye matumaini. Seli changa za misuli zikiambukizwa na kirusi dhaifu cha Rous na kuwekwa kwenye joto la chini, huzaliana tu bila kukomaa. Katikati ya miaka ya 1970 watafiti kadhaa waliona kwamba zikipandishwa joto, huacha kuzaliana, huungana na kufanya nyuzi ndefu za misuli. Seli changa za damu zilizogeuzwa na kirusi kingine cha kuku, chenye udhaifu wa joto, nazo zilianza kutengeneza hemoglobini kirusi kilipozimwa. Kumbe ndani ya seli ile ya saratani maelekezo ya kuwa msuli au chembe nyekundu ya damu yalikuwepo muda wote. Yalikuwa yamezuiwa tu.

Mbinu hiyo ikageuzwa kuwa nyenzo ya maabara. Kirusi cha nyani kiitwacho SV40 kina aina dhaifu, tsA58, ambayo protini yake hufanya kazi kwenye nyuzi 33 na kuharibika kwenye nyuzi 39.5. Mwaka 1991 Parmjit Jat na wenzake walieleza panya waliotiwa jeni hiyo. Seli zao huzalishwa kwa wingi kwenye joto la chini, kisha hupashwa ili ziache kuzaliana na zichunguzwe zikifanya kazi zao za kawaida.

Tahadhari kuhusu joto

Mtu asichukue habari hii akadhani homa, mvuke au kitambaa cha moto vinaweza kuondoa uvimbe. Tumeona wazi kwamba kirusi cha asili hakikujali nyuzi 41. Zipo hospitali zinazotumia joto maalumu kuongeza nguvu ya mionzi, lakini hiyo ni njia nyingine kabisa, inayosimamiwa na wataalamu.

Vilevile joto la jaribio hili lisichanganywe na joto la nchi. Denis Burkitt, daktari aliyefanya kazi Kampala, alieleza mwaka 1958 saratani ya taya za watoto, na alipochora ramani aliona inapatikana zaidi sehemu za Afrika zenye joto na mvua za kutosha. Mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr kiligunduliwa katika seli za uvimbe huo. Hali ya hewa ya joto na mvua huenda pamoja na malaria kali, ambayo hudhoofisha ulinzi wa mwili dhidi ya seli zenye kirusi hicho. Hapo joto linahusu mbu na malaria. Halizimi wala haliwashi protini ya kirusi.

Somo kwetu

Binadamu hapati saratani kutokana na kirusi cha Rous. Kanuni iliyothibitishwa na kirusi hicho, hata hivyo, ndiyo iliyofungua njia ya dawa. Imatinibi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huzuia kimeng'enya cha tairosini kinachoendesha aina moja ya saratani ya damu. Kwa kidonge, inafanya kile ambacho Martin na Kawai walifanya kwa joto: kuzima protini ambayo seli ya saratani inaitegemea. Haifanyi hivyo kwa kila saratani, kwa kuwa uvimbe mwingi wa binadamu huwa umekusanya mabadiliko mengi ya jeni, na seli huweza kutafuta njia ya kuikwepa dawa.

Ushahidi wa karibu zaidi nasi unatoka kwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo husababishwa na virusi vya HPV. Seli za HeLa, zilizochukuliwa mwaka 1951 kutoka uvimbe wa Henrietta Lacks huko Marekani, zina HPV aina ya 18. Karibu nusu karne baada ya kuchukuliwa, watafiti walizima protini za kirusi, E6 na E7, ndani ya seli hizo, nazo zikaacha kugawanyika, zikazeeka. Baada ya miaka yote ile kirusi kilikuwa bado kinahitajika kila siku.

Kwa hiyo jibu la swali tulilolianzia ni hili: katika saratani hizi kirusi hakipigi na kuondoka. Kinaendelea kuisukuma seli, na kikisimamishwa, seli husimama. Mpaka leo hatuna dawa iliyozoeleka hospitalini ya kuzima E6 na E7 ndani ya mgonjwa, lakini tunayo chanjo inayozuia kirusi kisiingie kabisa. Rwanda ilianza kuitoa kitaifa mwaka 2011, Uganda mwaka 2015, Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Mzazi mwenye binti aliyefikia umri wa kuchanjwa asisubiri. Kirusi kisichoingia hakihitaji kuzimwa.